Kutoka Shoga hadi Ushoga: Utangulizi wa Msamiati wa Mapenzi ya Jinsia Moja katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kumsaidia msomaji ambaye ndiyo kwanza anaanza kuuchunguza uwanja ambao katika lugha za Ulaya hutajwa kwa herufi nne: L, G, B na T. Herufi hizo husimamia wanawake wanaopenda wanawake, wanaume wanaopenda wanaume, watu wanaoweza kumpenda mwanamke au mwanamume, na watu ambao jinsia wanayojitambua kuwa nayo siyo ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Njia tutakayoifuata ni ya isimu. Tutayatazama maneno: yametoka wapi, yanagawa watu kwa kigezo gani, na yamebadilikaje. Hukumu za dini na maadili zina wenyewe, nao hawakosi majukwaa.

Kila jambo hili linapozungumzwa husikika madai mawili. La kwanza ni kwamba haya ni mambo mageni, na kwamba Kiswahili hakikuwa hata na maneno ya kuyataja. Anayesema hivyo hajafungua kamusi. La pili, ambalo hupendwa na baadhi ya watetezi, ni kwamba mambo haya yamekuwapo siku zote na kwa sura hiihii, hivyo shoga wa Lamu wa karne ya 19 ni ndugu moja na gay wa New York wa leo. Anayesema hivyo amefungua kamusi, lakini amesoma kidahizo tu bila kusoma maelezo yake.

Msimamo wetu ni kwamba Kiswahili kina msamiati mkongwe kuhusu mambo haya, ila msamiati huo umejengwa juu ya swali lake lenyewe. Lugha ya mwambao iliuliza: nani anatenda, na nani anatendwa? Istilahi za Ulaya za karne mbili hizi zinauliza: nani anavutwa na nani, naye mwenyewe anajiona kuwa nani? Kulitafsiri jibu la swali moja kana kwamba ni jibu la swali la pili kuna gharama zake, na gharama hizo, kama tutakavyoona, humwangukia mgonjwa zahanati na mtoto mahakamani.

2.0 Mambo Manne Yanayochanganywa

Kabla ya kuyaendea maneno yenyewe, hapana budi tutenganishe dhana nne ambazo katika mazungumzo ya kawaida hufungwa pamoja kama kuni.

Dhana ya kwanza ni mwili, ambao wataalamu wengi wa Tanzania siku hizi huuita jinsi. Ya pili ni jinsia, yaani namna mtu anavyojitambua na jinsi jamii inavyomtarajia aishi kama mwanamume au mwanamke. Ya tatu ni mvuto: moyo wa mtu unaelekea kwa nani. Ya nne ni tendo. Mtu anaweza kuwa na mvuto asiutende maisha yake yote; anaweza pia kutenda bila mvuto, kwa sababu ya fedha, kifungo au kulazimishwa. Hali kadhalika, mwanamume mwenye mwendo na sauti ambayo watu huiita ya kike anaweza kuwa anawapenda wanawake tu. Haya yanaonekana wazi yakiandikwa kwenye karatasi, lakini mtaani, dhana moja ikionekana, zile tatu hudhaniwa kuwa zimefuata.

Kuhusu mwili, Waswahili walikuwa na istilahi mapema. Neno huntha, lenye asili ya Kiarabu, humtaja mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyoweza kuainishwa kwa urahisi kuwa ya kiume au ya kike, na vitabu vya fikihi vina milango inayoeleza mirathi yake ikoje. Kwa hiyo suala hilo halikuwa la aibu. Lilikuwa la hesabu ya urithi. Kenya iliwahesabu watu hao katika sensa ya mwaka 2019, na waliojitokeza walikuwa 1,524. Huntha hapaswi kuchanganywa na kundi la herufi T, kwa kuwa yeye suala lake linaanzia kwenye mwili, ilhali la mwenzake linaanzia kwenye kujitambua. Mfano wa huyu wa pili ni kesi ya Audrey Mbugua, ambaye mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliagiza cheti chake cha mtihani kitolewe upya kwa jina lake jipya. Madai yake hayakumhusu mpenzi wa aina yoyote. Yalihusu jina na kazi, kwa sababu mwajiri anayeona cheti chenye jina la mtu mwingine hawezi kumwajiri aliyekileta.

Jambo moja katika sarufi yetu linastahili kutajwa hapa. Wasemaji wa Kiingereza wamekuwa na mjadala mrefu kuhusu viwakilishi vya nafsi ya tatu, kwa kuwa lugha yao humlazimisha msemaji kuchagua kati ya cha kiume na cha kike. Mswahili husema yeye, na husema a-, basi yamekwisha. Ngeli zetu hugawa viumbe hai na vitu, hazigawi wanaume na wanawake. Hata hivyo, mtu asije akadhani kwamba kwa sababu hiyo Kiswahili hakijali jinsia. Kinaijali sana, ila kimeiweka kwenye majina ya ukoo, kwenye Bwana na Bibi, na kwenye kauli za vitenzi.

3.0 Maneno ya Mwambao

Tuanze na shoga. Maana yake ya asili, ambayo bado ina nguvu Unguja, Tanga na Mombasa, ni jina ambalo wanawake marafiki huitana. Shoga ni mtu wa siri na wa kusukana nywele, ni mtu unayemtuma kwa fundi na unayemtarajia msibani. Ni jina tamu, na mwanamke aliyekosana na shoga yake huliacha siku ileile. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1870 na kuchapishwa tena mara nyingi, alitoa maana hiyo ya urafiki wa wanawake, kisha akaongeza kwamba huko Lamu neno hilo humtaja mwanamume anayeingiliwa na mwanamume mwenzake. Basi maana hizi mbili zimeishi pamoja kwa zaidi ya karne moja, na zilianza kama tofauti ya kilahaja.

Kuhama kwa maana si kitendawili. Mwanamume aliyekaa upande wa wanawake, aliyeingia jikoni na chumba cha bibi harusi bila kuzuiwa, alipewa jina ambalo wanawake walipeana wao kwa wao. Gill Shepherd, aliyefanya utafiti wake Mombasa na kuuchapisha mwaka 1987, aliwakuta wanaume wa namna hii wakiwa na kazi maalumu katika sherehe za harusi za wanawake, hasa za ngoma. Yaani shoga alikuwa na nafasi katika jamii. Haikuwa nafasi ya heshima kubwa, lakini ilikuwa nafasi, na watu walijua wamweke wapi.

Mwenzake shoga ni basha. Wapo wanaolihusisha neno hili na cheo cha Kituruki cha pasha, dhana ambayo inavutia kwa kuwa basha alielezwa kuwa mtu mwenye umri na uwezo zaidi. Basha alikuwa mwanamume kama wanaume wengine, akiwa na mke au wake, watoto, na nafasi yake barazani. Nitalirudia jambo hili, kwani ndilo kiini cha makala.

Hanithi, au khanithi kwa wanaotamka kwa kufuata Kiarabu, lina maana mbili katika kamusi zetu: mwanamume asiyeweza tendo la ndoa, na mwanamume anayeingiliwa. Mzungu husoma maana hizi na kudhani ni mbili mbalimbali. Kwa fikra ya mwambao ni moja, yaani asiyetenda. Neno hilohilo lilijadiliwa sana na wanaanthropolojia baada ya Unni Wikan kuchapisha mwaka 1977 utafiti wake kutoka Sohar, Oman, nchi ambayo damu na lugha yake zimechanganyika na za Zanzibar. Wikan alieleza kwamba khanith wa Sohar aliweza kuoa, na akishathibitika kuwa ameweza tendo la ndoa, alihesabiwa mwanamume. Wenzake walimpinga katika mengi, lakini kwa mwanaisimu hoja hiyo inaonyesha kwamba jina lilifuata tendo. Tendo likibadilika, jina linavuliwa.

Pamoja na hayo, yalikuwapo maneno yaliyotaja hali ya mtu, wala si tendo lake tu. Mwaka 1899 jarida moja la Kijerumani la ethnolojia lilichapisha taarifa fupi ya Oscar Baumann, Mwaustria aliyekuwa konseli Zanzibar. Taarifa ile imejaa dharau ya zama zake kwa Waafrika, na inapaswa kusomwa kwa tahadhari. Hata hivyo, Baumann alisikiliza maneno. Aliandika neno mke-si-mume, na akaeleza kwamba watu wa Zanzibar walitofautisha aliyezaliwa hivyo na aliyejifanya hivyo baadaye. Wa kwanza walimwelezea kuwa ni amri ya Mungu. Msomaji asiharakishe kudhani kwamba hayo yalikuwa mawazo ya mtaani tu. Imamu an-Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii wa karne ya 13, ambayo ndiyo madhehebu ya mwambao wetu, alimgawa mukhannath katika aina mbili kwa kigezo hikihiki: aliyeumbwa na mwenendo laini, ambaye hana lawama kwa umbile lake, na aneyejifananisha kwa makusudi. Mukhannath na hanithi ni matawi ya mzizi mmoja wa Kiarabu. Zanzibar ya mwaka 1899 ilikuwa ikisema kwa Kiswahili jambo ambalo madarasa yalikuwa yamelisoma kwa Kiarabu kwa karne nyingi.

Msagaji humtaja mwanamke anayefanya mapenzi na mwanamke. Neno limetokana na kitenzi -saga, cha kusaga nafaka. Kiarabu nacho huliita tendo hilo suhaq, kutokana na mzizi wenye maana ya kuponda na kusugua, kwa hiyo huenda Kiswahili kiliitafsiri picha nzima badala ya kulikopa neno. Msenge nimeliacha makusudi. Wapo wanaolihusisha na senge, jina la shangazi katika lugha kadhaa za Kibantu, na Kiganda kina ssenga. Ulinganifu huo ni mzuri masikioni, lakini ulinganifu wa sauti pekee si etimolojia, nami nawaonya wanafunzi dhidi ya kujenga nyumba juu yake.

4.0 Mtenda na Mtendwa

Kiswahili husema mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa. Ndoa ni moja, lakini wanandoa wawili hawawezi kugawana kitenzi kimoja isipokuwa kwa kauli ya kutendana: wameoana. Mgeni anayejifunza Kiswahili akikosea akasema kwamba Fatuma ameoa, darasa zima hucheka. Kicheko hicho kinatuonyesha kwamba kwetu uanaume na uanamke vimo ndani ya viambishi tamati vya vitenzi.

Msamiati wa mapenzi ya wanaume umefuata mpangilio huohuo. Kipo kitenzi ambacho leo ni tusi, na ambacho katika kauli ya kutenda humtaja basha, na katika kauli ya kutendwa humtaja shoga. Alama ya aibu haikuwa katika kitenzi kizima. Ilikuwa katika kiambishi -w-. Basha, kwa kuwa alibaki katika kauli ya kutenda, alibaki mwanamume, na wala hakukuwa na jina moja lililomweka pamoja na shoga katika kundi la watu wenye mvuto wa aina moja. Kinyume chake, kitenzi cha wanawake ni -sagana, chenye kiambishi cha kutendana, ambacho hakimtaji mtenda wala mtendwa. Mpaka hapo tu tunaona kwamba dhana ya Ulaya inayowajumuisha basha, shoga na wasagaji wawili chini ya istilahi moja ni dhana ambayo msamiati wa zamani wa mwambao haukuihitaji.

Kigezo hiki kinatusaidia pia kuepuka kosa jingine linalofanywa na wanaoanza. Miongoni mwa Wakuria wa Mara na wa ng'ambo ya mpaka upande wa Kenya ipo desturi ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humtolea mwanamke mwingine mahari ili watoto atakaozaa wawe wa nyumba yake. Wanandi nao wana desturi inayofanana na hiyo. Watafiti wengine wamezitaja desturi hizi kama ushahidi wa mapenzi ya wanawake katika Afrika. Sivyo zinavyoelezwa na wenyewe: ni mpango wa ukoo, mali na urithi, na mzazi wa watoto ni mwanamume wa nje. Ila kwa mwanaisimu mfano huu una thamani yake, kwa sababu aliyetoa mahari husemwa ameoa. Kitenzi -oa, basi, hakikufuata mwili wa mwenye kuoa. Kilifuata mkono uliotoa ng'ombe.

5.0 Maneno ya Ulaya na Safari Yake

Istilahi ya Ulaya si ya kale kama wengi wanavyodhani. Neno Homosexualität lilitungwa na mwandishi Karl-Maria Kertbeny, na lilitokea katika maandishi mwaka 1869, katika vijitabu alivyovitoa kupinga sheria ya Prussia iliyowaadhibu wanaume wanaojamiiana. Nusu yake ni Kigiriki na nusu ni Kilatini. Sehemu ya kwanza ni homos, yaani -moja au sawa, wala si homo ya Kilatini yenye maana ya mtu. Miaka miwili kabla yake, mwanasheria Karl Heinrich Ulrichs alikuwa amesimama mbele ya mkutano wa wanasheria mjini Munich kuitetea hoja hiyohiyo, akazomewa. Hivyo neno lilizaliwa kama neno la utetezi. Baadaye madaktari, hasa Richard von Krafft-Ebing kuanzia mwaka 1886, walilichukua na kuligeuza jina la ugonjwa, na likabaki hospitalini kwa muda mrefu. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kililitoa katika orodha ya magonjwa mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo mwaka 1990.

Wenyewe waliotajwa hawakulipenda jina la hospitali. Wanaume wa Marekani na Uingereza walijichagulia gay, neno lililokuwa na maana ya mchangamfu. Wanawake walichukua jina la kisiwa cha Lesbos, alikoishi mshairi Sappho zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Majina hayo yalipata nguvu ya kisiasa baada ya usiku wa tarehe 28 Juni 1969, polisi walipovamia baa ya Stonewall Inn mjini New York na wateja wakakataa kutawanyika. Barani kwetu, maandamano ya kwanza ya aina hiyo yalifanyika Johannesburg mwezi Oktoba 1990, na Simon Nkoli, aliyekwisha kukaa mahabusu kwa kupinga ubaguzi wa rangi, alikuwa mbele. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 ilitaja waziwazi kwamba mtu asibaguliwe kwa sababu ya mvuto wake.

Linganisha njia za maneno mawili. Gay lilianza kama neno la kawaida, likapita kwenye fedheha, kisha likachaguliwa na wahusika wenyewe. Shoga lilianza kama neno la mapenzi, likapita kwenye lahaja moja, kisha likageuzwa tusi na watu wa nje. Haishangazi kwamba Deborah Amory, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, alikuta neno magai likitumika mwambao kando ya mashoga na mabasha. Vijana walikuwa wamelikopa neno la Kiingereza na kulipa kiambishi cha wingi ma-, kwa sababu walihitaji neno lisilouliza nani mtenda na nani mtendwa. Lugha hukopa pale penye pengo, na hapo palikuwa na pengo.

6.0 "Kinyume cha Maumbile" na Kitenzi -lawiti

Fungu la maneno kinyume cha maumbile, ambalo wasikilizaji wa redio hulichukulia kuwa ni la wahenga, ni tafsiri ya lugha ya sheria ya Kiingereza. Chimbuko lake kwa upande wetu ni Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, kifungu cha 377, ambayo Waingereza waliisafirisha hadi Afrika Mashariki. Uingereza na Wales ziliacha kuwaadhibu wanaume wazima waliokubaliana faraghani mwaka 1967. India, Mahakama Kuu Kabisa yake iliondoa kosa hilo mwaka 2018. Sisi tumebaki na maneno yao. Kenya, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta mwezi Mei 2019. Tanzania Bara, kwa marekebisho ya mwaka 1998, adhabu ni kuanzia miaka 30 hadi maisha. Zanzibar ilirekebisha sheria yake mwaka 2004 na kuwataja wanawake. Burundi iliweka kosa hilo mwaka 2009. Sheria ya Uganda ya mwaka 2023 inafikia adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, na Mahakama ya Katiba iliiacha isimame kwa sehemu kubwa mwezi Aprili 2024. Rwanda na Kongo hazina sheria inayowaadhibu watu wazima waliokubaliana, na Msumbiji iliifuta yake mwaka 2015.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba sheria hizi za kikoloni hazimtaji mtu wa aina yoyote, zinataja tendo. Tofauti hiyo ilijitokeza wazi Uganda, ambako Rais Museveni aliurudisha mswada bungeni mwezi Aprili 2023 akitaka utofautishe kati ya kuwa na hali fulani na kutenda. Kwa upande mwingine, Mahakama ya Juu ya Kenya, kwa wingi wa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua mwezi Februari 2023 kwamba chama cha kutetea haki za watu hawa kisinyimwe usajili. Katika uamuzi huo majaji walilijadili neno moja la Katiba, lile linalokataza ubaguzi wa kijinsia, na wakasema kwamba linakusanya pia mvuto. Kumbe semantiki nayo ina siku yake mahakamani.

Lakini neno linalonipa wasiwasi kuliko yote ni -lawiti. Limetokana na jina la Nabii Lut, kupitia Kiarabu liwat. Lipo katika Biblia ya Union Version, barua ya kwanza kwa Wakorintho 6:9, ambapo wafasiri walikabiliwa na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana tofauti, moja likiwa na maana ya laini, nao wakayapa maneno mawili ya Kiswahili ambayo msomaji wa leo huyachukulia kuwa ni visawe. Katika magazeti ya Tanzania, kitenzi hicho hutumika kwa mambo mawili: kwa watu wazima wawili waliokubaliana, na kwa mtu mzima aliyemwingilia mtoto wa jirani kwa nguvu. Jambo la kwanza lina ridhaa, la pili halina. Kitenzi hakijui ridhaa.

Madhara yake ni makubwa kuliko tunavyodhani. Mtoto wa kike akifanyiwa unyama, lugha husema amebakwa, na sheria ya Tanzania Bara husema hivyo hivyo. Mtoto wa kiume hawezi kubakwa kisheria, kwa kuwa kifungu cha ubakaji kinamtaja msichana au mwanamke tu. Shauri lake hupelekwa katika kifungu cha 154, kile cha kinyume cha maumbile, ambacho katika aya nyingine kinamfanya mkosaji hata mwanamume aliyeridhia kuingiliwa. Kwa hiyo dhalimu na aliyekubali wamewekwa chini ya paa moja, na mtoto husikia mtaani kwamba amelawitiwa, kwa kiambishi kilekile cha -w- ambacho, kama tulivyoona, ndicho kilichobeba aibu tangu zamani. Wenzake shuleni hawamwiti mhanga. Humwita shoga. Wazazi wanaolijua hilo hukaa kimya, na aliyemtenda huendelea na maisha yake mtaani. Kenya, katika Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006, ilitumia lugha inayomtaja mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, kuwa anaweza kubakwa. Sioni kwa nini kitenzi -baka kisitumike vivyo hivyo katika habari na mafunzo yetu popote ambapo hapakuwa na ridhaa, na -lawiti kikaachiwa wanahistoria wa lugha.

7.0 Kiambishi u- na Neno Ushoga

Katika Kiswahili cha zamani ushoga ulikuwa urafiki wa wanawake: wamefanya ushoga, yaani wamekuwa marafiki. Siku hizi, katika bunge na magazeti, neno hili limekuwa tafsiri ya istilahi ya Kertbeny na zaidi ya hapo. Linatumika kwa wanaume, kwa wanawake, kwa waliobadili jinsia, na hata kwa kijana aliyevaa hereni. Kiambishi u- huunda nomino dhahania, na nomino dhahania ina tabia ya kugeuka kitu. Shoga alikuwa mtu mmoja mwenye jina na mama yake, aliyepiga ngoma harusini. Ushoga ni kitu kinachoingia, kinachoenea na kupigwa vita, kama malaria. Namna ya kuzungumza imebadilika kwa sababu ya silabi moja.

Aidha, upanuzi huo haukuongeza usahihi. Wataalamu wa Ukimwi waliligundua hilo mapema, na ndiyo maana katika kazi zao walichagua maelezo marefu, wanaume wanaojamiiana na wanaume, ambayo yanataja tendo bila kumpa mtu jina. Kwa sikio la mwanafasihi ni maelezo makavu, lakini kwa mwambao wetu yana maana. Muuguzi akimuuliza basha iwapo yeye ni shoga, atajibu hapana, na kwa Kiswahili chake hajasema uongo. Ataondoka bila kupimwa na kurudi kwa mkewe. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilivizuia vituo 40 kutoa huduma za Ukimwi, kwa tuhuma za kuhamasisha ushoga. Katika mjadala uliofuata, neno hilo moja lilibeba mvuto, tendo, tiba na propaganda, wala hapakuwa na aliyeuliza ni lipi kati ya hayo lililokuwa likitolewa pale kituoni.

Kwa watungaji wa kamusi napendekeza yafuatayo. Kidahizo shoga kianze na maana ya urafiki wa wanawake, kwani ndiyo ya msingi. Maana ya pili ipewe alama ya kwamba hutumika kwa dharau. Na isifasiliwe kwa visawe vya matusi, kwa sababu tusi haliwezi kufasiliwa kwa tusi jingine msomaji akatoka na maarifa. Basha asiachwe nje ya maelezo. Mvuto wa kimapenzi utengewe kidahizo chake badala ya mwelekeo wa kijinsia, istilahi ambayo msikilizaji hawezi kujua iwapo inazungumzia jinsia au mapenzi.

Wakati sisi tukiyajadili hayo, wasemaji wenyewe wanaendelea na kazi yao. Wasichana wa Dar es Salaam na miji mingine, wakihofia kucheka kwa wanaowasikia, wamekwisha kuacha kuitana shoga mbele za watu. Wanaitana shosti, neno ambalo kwa maoni yangu ni shoga lilelile lililobadilishwa silabi ya mwisho ili liokoke. Bibi zao hawajabadilika. Ukipita vichochoro vya Ng'ambo jioni bado utamsikia mmoja akimwita mwenzake kutoka dirishani, shoga, njoo uonje.